Wanaokwenda Kuhesabiwa

Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni Jumapili jioni

Ndugu msikilizaji, ukitaka kujua kwamba mwaka unakwisha huna haja ya kutazama kalenda. Nenda kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi, alfajiri yoyote baada ya tarehe 15 Desemba, usimame kando na kutazama. Utaona masanduku, magunia ya mchele, magodoro yaliyofungwa kamba, watoto waliovishwa masweta katika joto la Dar es Salaam, na bibi mmoja au wawili walioketishwa juu ya mizigo huku wakiangalia kila mtu anayepita kana kwamba ni mwizi. Ukiuliza watu hawa wote wanakwenda wapi, aliye karibu nawe atakujibu bila kufikiri: wanakwenda kuhesabiwa.

Utani huu wa kuwasema ndugu zetu wa Kilimanjaro ni wa zamani, na wenyewe wameuzoea kiasi kwamba siku hizi wanausema wao kabla hujawasema wewe. Eti kila Desemba Wachaga huitwa mlimani wakahesabiwe, na asiyefika hufutwa katika daftari. Mimi nami niliucheka utani huo miaka mingi. Mimi si Mchaga. Ni Mbondei wa Muheza, niliyebatizwa katika kanisa la Kianglikana, na kwetu Krismasi ulikuwa unaila pale inapokukuta. Lakini miaka 19 iliyopita nilioa Machame, na tangu hapo nimekuwa dereva wa safari hii kila mwaka, isipokuwa mmoja tu ambao nilikuwa mgonjwa. Leo nataka tuzungumze juu ya huko kuhesabiwa, maana nimeanza kuamini kwamba utani huu una ukweli mwingi kuliko wanavyodhani wanaoutania.

Kwanza tujiulize neno lenyewe limetoka wapi. Kwa mtu aliyesoma dini halina siri. Limetoka katika Injili ya Luka, sura ya pili, ambayo husomwa makanisani kila mkesha wa Krismasi. Kaisari Augusto alitoa amri watu waandikwe, na kila mtu akaenda kuandikwa katika mji wa kwao. Yosefu alikuwa akiishi na kufanya kazi Nazareti, kaskazini, lakini kwa kuwa alikuwa wa ukoo wa Daudi ilimpasa kushuka hadi Bethlehemu, mwendo wa zaidi ya kilometa 100, pamoja na Mariamu aliyekuwa mja mzito. Kwa maneno mengine, Krismasi ya kwanza ilikuwa safari ya fundi mmoja na jamaa yake kutoka mahali pa kazi kwenda nyumbani kwa mababu. Na walipofika, kama tunavyojua, nyumba za wageni zilikuwa zimejaa. Aliyewahi kutafuta chumba mjini Moshi tarehe 24 Desemba haoni ajabu.

Hebu tulinganishe na sensa yetu sisi. Mwaka 2022, makarani walipopita nyumba kwa nyumba, walikuuliza ulilala wapi usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Kama ulilala Tandale, ulihesabiwa Tandale. Serikali inataka kujua miguu yako iko wapi ili ijue pa kujenga zahanati na shule, na ni haki yake. Amri iliyompeleka Yosefu Bethlehemu haikumwuliza alilala wapi. Ilimwuliza yeye ni wa nani. Hizi ni hesabu mbili tofauti kabisa, na safari ya Desemba ni ya aina ya pili.

Tena, ndugu msikilizaji, sura hiyo hiyo ya Luka ina safari nyingine ambayo wengi wetu huipita haraka. Yesu akiwa na umri wa miaka 12, wazazi wake walimpeleka Yerusalemu kwenye sikukuu ya Pasaka kama walivyozoea kila mwaka. Wakati wa kurudi walitembea mwendo wa siku nzima kabla ya kugundua kwamba hayupo. Mzazi wa leo husoma habari hii na kushangaa, mama gani huyo atembee kutwa bila kujua mwanawe yuko wapi? Jibu limo mle mle katika habari yenyewe. Walidhani yumo katika msafara, pamoja na jamaa na marafiki. Safari ile haikuwa ya baba, mama na mtoto mmoja. Ilikuwa ya ukoo, na mtoto aliweza kula kwa shangazi, kulala kwa babu na kutembea na binamu zake kutwa, wala asihesabike kuwa amepotea. Watoto wetu wa Tegeta na Mbezi Beach hawana nafasi hiyo isipokuwa labda wiki moja kwa mwaka, na wiki yenyewe ni hii.

Sasa swali ambalo wasikilizaji wawili watatu wamewahi kuniuliza: Wakristo wako kila mahali nchini, mbona Wachaga ndio wasafiri kuliko wote? Ni kweli si wao peke yao. Wahaya huenda Bukoba, na kwa jirani zetu Kenya stendi za Nairobi hujaa vile vile watu wa kwenda magharibi. Lakini kwa Wachaga jambo hili limekuwa kama sheria, na sababu yake ni ardhi na dini zilizofungwa pamoja kwa kamba moja.

Ardhi ni kihamba. Kihamba si shamba tu kama sisi wa pwani tunavyolifahamu shamba. Ni migomba, kahawa chini yake, zizi, nyumba, mfereji wa maji unaopita pembeni, na makaburi ya waliotangulia, vyote mahali pamoja. Kwa desturi, mtoto wa kwanza wa kiume alipewa kihamba chake na baba, na wa mwisho alirithi nyumba ya wazazi. Wa katikati je? Zamani walifungua kihamba kipya juu au chini ya mlima. Watu walipoongezeka na mlima ukabaki ule ule, wa katikati wakashuka. Wakaenda Arusha, Tanga, Dar es Salaam, wakafungua maduka na kuajiriwa maofisini. Walikuwa na elimu ya kuajiriwa kwa sababu mapato ya kahawa yalilipa ada, na shule za misheni zilikuwa jirani. Chama chao cha ushirika, KNCU, kilianzishwa mwaka 1933, zamani kabla ya uhuru. Basi nusu ya ukoo ikabaki mlimani na nusu ikatawanyika, lakini makaburi hayakuhama.

Upande wa dini, mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walianza Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Walutheri wa misheni ya Leipzig, Ujerumani, walifika mwaka 1893 na kuanzia Machame. Waligawana mlima, na hadi leo ukitajiwa kijiji alikotoka mtu unaweza kubahatisha dhehebu lake na mara nyingi utapatia. Miongoni mwa Walutheri hao alikuwako mchungaji mmoja, Bruno Gutmann, aliyefika mwaka 1902 na kuondoka 1938, na sehemu kubwa ya muda huo alikuwa Old Moshi. Huyu alikuwa na wazo ambalo wamisionari wengi wa wakati wake hawakuwa nalo. Wengi walifikiri kwamba Mwafrika akitaka kuwa Mkristo hana budi kutolewa kwenye ukoo wake na kusimama peke yake mbele ya Mungu. Gutmann alisema hapana. Alisema ukoo, ujirani na rika ni vifungo alivyoviweka Mungu mwenyewe, na kanisa lijengwe juu yake, si kando yake. Mwaka 1926 alichapisha kitabu kikubwa cha sheria na desturi za Wachaga. Wapo waliomlaumu, na wana hoja. Alipenda mno mambo ya kale, hakuipenda miji, na vijana waliosoma hawakuona nafasi yao katika picha aliyoichora. Lakini sidhani kama mtu anaweza kuielewa safari ya Desemba bila kumkumbuka mzee huyo. Kanisa la mlimani lilipandwa ndani ya kihamba, na ndiyo maana mtu wa huko akitaka kuikumbuka imani yake anajikuta anashika njia ya nyumbani.

Tuingie garini sasa.

Krismasi iliyopita tulipanga kuondoka Tegeta saa kumi alfajiri. Tulikuwa watu sita katika Noah yenye viti vinane: mimi, mke wangu, watoto wetu watatu, na mama mkwe wangu, ambaye sasa ana miaka 82 na anaishi kwetu kwa ajili ya magoti yake na kliniki ya presha. Kiti cha nyuma kabisa tulikuwa tumekikunja tukapakia magunia mawili ya mchele, ndoo za mafuta ya kula, na spika kubwa ambayo kijana wangu wa miaka 17 aliahidi kuwatikisa nayo binamu zake. Mama aliomba, kama afanyavyo kila mwaka, akiwa amesimama nje na mkono wake juu ya boneti. Aliwaombea wanaokwenda na wanaobaki, akawataja kwa majina. Kisha akaketi kiti cha mbele, akafunga mkanda, akaniambia, "Baba, kwanza tupite Gongo la Mboto."

Wanaoijua Dar es Salaam wameshaelewa. Ukitoka Tegeta kwenda Moshi, Gongo la Mboto haiko njiani. Iko upande mwingine kabisa wa jiji. Lakini nilielewa pia kwa nini alisema hivyo, na mke wangu alielewa, kwa sababu gari lote lilinyamaza.

Gongo la Mboto anaishi shemeji yangu, mtoto wa katikati. Alikuwa hajapanda mlimani kwa Krismasi tano. Mara ya kwanza alisema amebanwa na kazi. Mara ya pili mtoto anaumwa. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena. Ukweli ulikuwa unajulikana, kwamba biashara yake ya vipuri ilikufa, na zaidi ya hapo alikuwa amegombana na kaka yake mkubwa juu ya kipande cha kihamba ambacho kaka alikijengea uzio bila kumshirikisha. Mtu asiye na gari, asiye na mchango wa kikao cha ukoo, na mwenye ugomvi juu yake, anapandaje mlima ambako kila uani kumeegeshwa gari jipya?

Hapa, ndugu msikilizaji, niseme jambo ambalo baadhi ya wakwe zangu hawatalipenda. Safari hii ina ugonjwa wake. Kuhesabiwa kumegeuka kwa wengine kuwa kuhesabu: fulani kaja na gari gani, fulani kachinja mbuzi au ng'ombe, fulani katoa kiasi gani mnadani kanisani. Kuna watu hukodi gari kwa wiki mbili ili tu lionekane limeegeshwa migombani, na Januari hukopa ada. Na kuna wengine, wengi kuliko tunavyojua, hubaki mjini taa zikiwa zimezimwa ili majirani wadhani wamesafiri. Katika habari ile ya Luka, aliyekwenda kuhesabiwa hakupata chumba cha kumlaza mkewe, na hata hivyo aliandikwa.

Nilimwuliza mama mkwe kwa upole kama tungemtumia shemeji nauli apande basi. Akasema, "Mimi siendi kuhesabiwa huku nimeiacha hesabu nyuma." Basi nikawasha gari.

Tulimkuta shemeji amelala. Mkewe ni muuguzi na alikuwa zamu, kwa hiyo alikuwako yeye na mtoto wao wa miaka sita. Sikuingia ndani, kwani mambo ya mama na mwanawe si ya mkwe. Nilichosikia ni sauti ya mama tu, ya chini, kwa Kimachame, kwa kama dakika kumi. Kisha shemeji alitoka na begi dogo, akanisalimu bila kunitazama usoni. Ikabidi tukikunjue kile kiti cha nyuma. Gunia moja la mchele na spika ile vilibaki kwa jirani yake. Kijana wangu alinuna mpaka Chalinze.

Kutoka Dar es Salaam hadi Moshi ni kama kilometa 560, na kwa familia yenye wazee na watoto hazipungui saa kumi. Wanaosema wanatumia saba, waacheni waseme, lakini msipande nao. Kila Desemba tunasikia habari za ajali katika barabara hii. Baadhi ya sababu zinajulikana kwa kila dereva: magari yaliyojaa kupita kiasi, watu wasioendesha mwaka mzima isipokuwa foleni za mjini wakijaribu ghafla kuyapita malori, na usingizi. Mwaka 2023 serikali iliruhusu tena mabasi kusafiri usiku, baada ya marufuku iliyodumu tangu miaka ya 1990, na wenye magari madogo wengi wameiga kusafiri usiku bila kuwa na dereva wa pili kama mabasi. Sala ya kuondokea si leseni ya kwenda kasi. Shetani alipompandisha Yesu juu ya kinara cha hekalu na kumwambia ajitupe, kwani malaika watamdaka, Yesu alikataa kumjaribu Mungu. Kibao cha 50 pale penye kijiji kiheshimu hata kama huoni askari. Na kama una mzee garini, lala njiani, Korogwe au Same. Hakuna aliyewahi kufutwa kwenye daftari kwa kufika tarehe 23 badala ya 22.

Tukiachilia mbali hatari, barabara hii ni darasa, mradi mwalimu awe amekaa mbele. Nimejifunza hivyo kwa mama mkwe. Zamani tulimweka nyuma ajinyooshe, naye alisinzia njia nzima. Tangu magoti yalipomlazimisha kukaa mbele, amekuwa msimulizi. Tukivuka Wami kwenye daraja jipya huwaeleza wajukuu lile la zamani lilivyokuwa jembamba, magari yakisubiriana. Segera anauliza kila mwaka kama mimi siendi kuwasalimu watu wangu Muheza, na kila mwaka namwambia wakati wa kurudi. Kuanzia Mombo, ambako tunasimama kununua matunda yanayoshuka kutoka Lushoto, milima inakuwa kulia kwetu, Usambara kwanza kisha Upare, na kushoto ni tambarare kavu yenye mibuyu na mkonge. Hapo ndipo huanza kuimba. Anajua nyimbo nyingi za Tumwimbie Bwana kwa moyo, kitabu hana haja nacho. Watoto huwa na vitu vyao masikioni. Lakini mwaka jana spika haikuwapo, na simu ya kijana wangu ilikuwa imezimika chaji, na baina ya Hedaru na Makanya nilisikia sauti ya pili ikiingia kutoka nyuma, nzito, ya bezi. Alikuwa shemeji. Alikuwa mwimbaji wa kwaya ujanani, jambo ambalo katika miaka yote hiyo sikuwahi kulijua. Mtoto wake mdogo aliduwaa akimtazama.

Mlima ulijitokeza baada ya Mwanga, kwa dakika chache, kilele tu juu ya mawingu, kisha ukafunikwa. Mama hasemi kitu unapojitokeza. Huvua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Tukapita Himo, ambako wa Marangu na Rombo huchepuka, tukapita Moshi mjini, na kule mbele tukaiacha barabara ya Arusha kwenye njia panda ya Machame tukaanza kupanda kwenye ubaridi.

Sasa huko kuhesabiwa kwenyewe kukoje? Kuna sehemu ya kanisani. Tarehe 25 kanisa hujaa hadi nje, viti vya plastiki chini ya miti, na mchungaji huwasalimu waliotoka mbali kwa kuwataja miji yao mmoja mmoja, nao husimama. Baada ya ibada hufanyika mnada wa vitu vilivyotolewa sadaka, ndizi, mayai, jogoo, na hapo ndipo wale wa mjini hushindana mpaka mkungu mmoja unafikia bei ya kiatu. Siku zinazofuata ni za ubatizo, ndoa na kubariki ndoa. Watoto waliozaliwa Mwanza na Mbeya hubebwa hadi hapa wabatizwe walipobatizwa babu zao. Mgeni huweza kudhani ni ushamba, kwani maji ya Mbeya hayana kasoro. Lakini jina la mtoto linapoandikwa katika kitabu cha usharika kile kile chenye jina la babu yake, hapo ameandikwa katika mji wa kwao, kama Luka alivyosema.

Sehemu ya pili ni ya nyumbani, nayo ndiyo nzito. Tarehe 27 hivi ukoo huketi. Husomwa waliofariki mwaka huo, watu husimama. Husomwa waliozaliwa, na watoto hupitishwa mbele waonekane. Waliofaulu mitihani hutajwa, na walioshindwa hawatajwi, ila mtu hutumwa akazungumze nao kando. Hujadiliwa ada ya yatima. Kisha wote huenda makaburini, pale pale migombani, na mjukuu mmoja husoma majina yaliyoandikwa kwenye saruji. Mwaka jana aliyesoma alikuwa binti yangu wa miaka minane, aliyezaliwa Dar es Salaam na asiyejua Kimachame zaidi ya salamu. Alikwama kwenye jina la babu wa babu yake. Wazee walimsaidia kulitamka, akalirudia mara tatu.

Na mwisho wa kikao huulizwa kama kuna mwenye neno. Maana yake ni kama kuna mwenye ugomvi. Wachaga wana mmea uitwao isale, wenye majani marefu ya kijani, unaopandwa mipakani mwa vihamba na kwenye makaburi. Mtu aliyekosa akimpelekea mwenzake jani la isale, ameomba radhi, na kwa desturi aliyepelekewa hapaswi kulikataa. Kanisa nalo lina mafundisho yake juu ya hili, kwamba anayeleta sadaka madhabahuni akakumbuka ndugu yake ana neno naye, aiache kwanza akapatane. Sikuwahi kuona mtu yeyote mlimani akisumbuka kutenganisha mambo haya mawili.

Palikuwa kimya kwa muda. Wengi wetu tulimtazama shemeji, kwa kuwa ndiye aliyekuwa hayupo miaka mitano, na ndiye mdogo. Aliyeinuka alikuwa kaka mkubwa, mwenye uzio. Alikwenda mpakani, akakata jani, akarudi nalo akiwa amelishika kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika kitabu cha nyimbo, akampa mdogo wake. Shemeji alilipokea. Hakusema kitu, na hakuna aliyemtaka aseme.

Nisingependa mdhani kwamba mambo yalikwisha hapo. Uzio bado upo. Ilikubaliwa kwamba wazee wawili watapima mpaka upya wakati wa Pasaka. Pasaka ikafika mvua zikiwa kubwa, upimaji ukasogezwa. Sasa inasemekana ni Desemba hii. Kipande chenyewe hakizidi hatua ishirini kwa thelathini, lakini kwenye mlima uliojaa watu hatua hizo zinatosha mtu kujenga nyumba na kuzikwa kando yake, na hayo ndiyo shemeji anayoyataka. Mke wangu anasema kaka yake hatautoa uzio. Mama mkwe anasema hatoi neno mpaka aone kwa macho.

Mwaka huu nilishauri twende kwa treni. Treni ya abiria kutoka Dar es Salaam hadi Moshi ilirudi Desemba 2019 baada ya kukosekana kwa zaidi ya miaka ishirini, na mama aliipenda sana treni ujanani. Amekataa. Anasema treni haipiti Gongo la Mboto pale anapopataka yeye. Tunaondoka tarehe 20 alfajiri, tutalala Korogwe. Kijana wangu hakuzungumzia spika safari hii, ameuliza tu kama atakaa nyuma na mjomba wake. Juzi Alhamisi simu yangu iliita usiku, nikaona ni shemeji. Aliuliza tutapita saa ngapi, kwa sababu mwaka huu mkewe amepata likizo, na magunia ya mchele yuko tayari kuyabeba yeye magotini.